Dawa ya Kushikanisha

Mama yake alimwita Ghurahu, yaani Jalala, ili kifo kikipita kimwone ni taka na kiende zake. Kilikuwa kimeshabeba wanne kabla yake, wote wenye majina mazuri. Hila ilifaulu. Ghurahu Sahu aliishi, akakua, akawa mchemshaji wa mafuta ambaye Lala Totaram, mwenye karakana, alimsifia mbele ya wateja wa reli kama mtu anavyomsifia ng'ombe wake wa maziwa. Katika miaka yake arobaini na minne pale Kanpur hakuna aliyemcheka kwa jina hilo, maana mtaani kwao akina Jalala hawakuwa haba.

Kazi yake ilikuwa uzi. Mafuta ya kitani yakiwa mabichi hayashikani: unayapaka ubaoni leo, wiki ijayo bado yananata kiganjani. Ili yawe vanishi ya kung'arisha mabehewa, lazima yachemshwe kutwa nzima katika karai la chuma linalotosha ndama kuogea, tena yatiwe dawa. Dawa yenyewe iliitwa murdasang, risasi iliyochomwa mpaka ikawa unga wa manjano yenye wekundu kwa mbali. Ghurahu alitumbukiza unyoya wa kuku. Ukikauka na kujikunja, akanyunyiza dawa, vibaba viwili tu kwa karai zima, na yale mafuta yaliyokuwa mepesi kama maji yakaanza kutafutana. Yalitafutanaje, hakuna aliyejua pale karakanani. Ghurahu alitosheka kujua yamefika wapi.

Alichovya ufito wa chuma, akadondosha tone juu ya kipande cha kioo, akalipuliza, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, kisha akavitenga vidole polepole. Uzi ukikatika papo hapo, kuni ziongezwe. Ukifika upana wa vidole vinne, magunia ya kuzimia moto yaloweshwe. Ukifika shibiri, moto uondolewe chini ya karai saa hiyo hiyo, hakuna cha kumalizia kuvuta biri. Ukichelewa, karai zima linaganda likawa kama ini, na ini hilo halirudi kuwa mafuta hata ulililie kama maiti.

Tena alikuwa na ulimi. Wauza murdasang wa sokoni walikuwa wezi wa kutupwa, wakiichanganya na unga wa matofali, basi kila gunia lililoingia Ghurahu alichota kwa ncha ya kidole na kuonja. Murdasang safi ni tamu, utamu wa uongo unaoacha ladha ya chuma nyuma ya meno. Alionja hivyo miaka ishirini na sita.

Mzee Nanku, aliyemfundisha uzi, ndiye aliyemfundisha na jambo jingine: dawa hufunga. Mchemshaji akiharisha, alimeza chembe ya murdasang ndani ya donge la sukari guru, na tumbo likafunga siku ile ile. Hilo lilikuwa kweli, kila mtu pale alikuwa amejionea. Kwa hiyo mke wake Batasiya alipoharibu mimba ya kwanza, Ghurahu hakukimbilia kwa waganga. Alifikiri kwa kichwa chake mwenyewe, na balaa lilianzia hapo. Kinachoshikanisha mafuta yasiyoshikana, alijiambia, kitashindwaje na mimba?

Akasaga mbegu za kitani, akachanganya na sukari guru na samli, akafinyanga ladu kama zile anazolishwa kila mwanamke mwenye mimba wakati wa baridi. Katika kila ladu alitia murdasang, kiasi cha ukucha. Batasiya alikula moja kila asubuhi, kwa imani, maana mumewe alikuwa fundi. Mimba ya pili ikatoka. Dawa ilikuwa kidogo, Ghurahu akasema, akaongeza. Ya tatu ikatoka, na ya nne, mpaka zikafika saba. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Wacheke, lakini wajiulize kwanza wao wenyewe wanameza nini kwa sababu tu mwalimu wao alimeza.

Kwao mke hatamki jina la mumewe. Humwita baba fulani, kwa jina la mtoto. Batasiya hakuwa na mtoto wa kumwitia, basi kwa miaka kumi na tisa alimwita "sikia". Sikia, chakula tayari. Sikia, maji yamekwisha. Wanawake wa kisimani walimtania, "Mwenzetu kaolewa na masikio matupu!" Alicheka nao, akajitwika mtungi, akaenda kulia nyumbani.

Mimba ya nane ilipita mwezi wa nne bila tone la damu. Mwezi wa tano mtoto akaanza kucheza. Mkunga wa mtaa, bi kizee Jhunia, alikuja kumpapasa, akatangaza bei, maana mtoto wa nyumba iliyofiwa huuzwa kwa mkunga mara tu akizaliwa, ili kifo kijue si mtoto wao tena.

"Nitamnunua kwa kauri tano," alisema Jhunia, mkono juu ya tumbo. "Hata moja siongezi."

"Akiwa msichana?" aliuliza Batasiya.

"Msichana kauri tatu."

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Mwizi? Kanipiga teke huyu! Haya, mbili."

Batasiya alicheka mpaka akashika kiuno. Ghurahu, aliyekuwa mlangoni, alisikia kicheko hicho akahisi kifua kinamjaa. Jina walikuwa nalo tayari: Pachkauri, Kauri Tano. Jioni hiyo alifinyanga ladu nyingine ishirini.

Mkono wake ulikuwa umeanza kumsumbua tangu mvua za masika. Ulikuwa hauumi. Ulilegea tu kwenye kifundo, ukining'inia mbele kama kitambaa kilichoanikwa, na vidole havikukubali kuinuka. Aliufunga kwa tambara akadai ameungua. Siku moja ya mwezi wa Agahan, karai likiwa linachemka tangu alfajiri, alibana tone na kutenga vidole. Uzi ukakatika. Akabana tena, ukakatika.

"Ongeza kuni," alimwambia Idris, mchochea moto wake wa miaka minane.

"Kaka Ghurahu, moshi umeshabadilika. Unaniwasha koo."

"Nani fundi hapa? Uzi unakatika, huoni?"

"Uzi unakatika," alisema Idris, macho kwenye lile tambara, "au mkono?"

"Ongeza kuni!"

Idris aliongeza. Haikupita muda wa kuvuta biri mbili, mafuta yakaumuka yakafika ukingoni, yakatikisika mara moja kama mtu aliyeshtuka usingizini, yakatulia. Ghurahu alichoma ufito ndani. Ufito ukasimama wenyewe.

Lala Totaram alikuja ameshika pindo la dhoti yake ili lisiguse masizi. Alitazama karai kwa muda.

"Hii nini, Ghurahu?"

"Ini, Lala-ji."

"Nikawapelekee reli ini?" Aliunyakua ule mkono, akafungua tambara, akauachia. Ukaanguka. Hasira ikamwishia usoni. "Tangu lini?"

"Si kitu, Lala-ji. Baridi."

"Nenda hospitali ya misheni kesho. Ukipona kazi yako ipo. Usipopona, Idris ajifunze uzi."

Daktari Annamma alikuwa mwanamke wa kusini, mfupi, mwenye miwani, aliyesema Kihindi kwa lafudhi iliyowachekesha wagonjwa hadi pale alipowapa habari zao. Aliutazama mkono kidogo tu. Kisha akamnyanyua Ghurahu mdomo wa juu kwa kijiti, akampa kioo kidogo ajitazame. Kwenye ufizi, pale meno yanapotokea, palikuwa na mstari wa buluu, mwembamba, umenyooka kama uliochorwa kwa wino.

"Unafanya kazi na risasi," alisema.

"Na mafuta, daktari."

"Unatia nini kwenye mafuta?"

Alimweleza. Alimweleza hata habari ya kuonja, tena kwa fahari, jinsi asivyoweza kudanganywa na muuzaji yeyote. Daktari aliandika.

"Una watoto?"

"Wa nane yuko njiani."

"Saba wako nyumbani?"

"Hakuna aliye nyumbani," alisema Ghurahu. "Hawakushika. Lakini huyu atashika. Dawa anakula kila siku, kwenye ladu, namtilia mimi mwenyewe."

Kalamu ilisimama. Daktari alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Dawa ipi?"

Ghurahu alijitazama tena kwenye kile kioo. Alikuwa ameshaelewa, kabla hajaambiwa. Lakini daktari hakuwa mtu wa kumwachia mtu nusu ya neno. Alimwambia kwamba ile ni sumu, kwamba haishiki mimba bali inaiua, kwamba hata nguo anazorudi nazo nyumbani zimejaa vumbi lake.

"Huyu anayecheza bado yupo," alisema. "Mkeo asile tena hata chembe. Mpeleke kwao, mbali na nguo zako, mpaka ajifungue. Mwambie sababu, ajue la kukwepa. Na wenzako kazini waambie. Mwambie mkeo leo."

"Nitamwambia."

"Leo, bwana Sahu."

"Leo, daktari."

Alirudi kwa miguu, mwendo wa saa nzima, akilipanga neno. Alipofika Batasiya alikuwa anageuza chapati, tumbo limetangulia mbele, na ladu ya kesho asubuhi iko kwenye sahani juu ya rafu.

"Sikia, daktari kasemaje?"

"Batasiya," alianza. Akaona uso wake umeinuka kumtazama, hauna shaka hata kidogo, uso ambao kwa miaka kumi na tisa ulikuwa ukila kila alichoupa. "Kasema baridi imeingia kwenye mishipa."

"Si nilikwambia? Unaoga maji ya kisima kama kijana."

Alipotoka kwenda kuteka maji, Ghurahu alichukua kopo la murdasang na ladu zote, akavitupa kwenye mfereji mkubwa nyuma ya kiwanda cha ngozi. Kisha kwa mkono wa kushoto, taabu tupu, akafinyanga ladu mpya. Zilikuwa na mbegu za kitani, sukari guru na samli, basi. Akaziweka kwenye sahani ile ile. Alijiambia kwamba kumaliza sumu ndiyo kazi yenyewe, maneno yanaweza kungoja.

Hapo ndipo simsamehe. Kwa wale saba alikuwa hajui. Sasa alijua, na alichobakiwa nacho kilikuwa neno moja tu la kusema, nalo akalikalia. Aliogopa. Hakuogopa kupigwa wala kufukuzwa. Aliogopa siku ambayo Batasiya angemtazama na kuona mkono uliowalisha. Waswahili wana msemo mkali kwa watu wa namna yake: mficha uchi hazai.

Alijaribu, tuseme ukweli. Usiku mmoja alisema, "Ungeenda kwa kaka yako Fatehpur mpaka ujifungue."

"Nikuache na mkono huo? Nani atakufunga dhoti, Lala Totaram?"

"Idris atanifunga."

"Idris hata yake inamvuka." Akacheka, akavuta mfarishi. "Hebu lala usingizi. Siendi popote."

Angemwambia kwa nini, angekwenda usiku ule ule, kwa miguu. Badala yake Ghurahu akaanza kuvua nguo za kazi nje ya mlango na kujimwagia maji kwenye baridi ya mwezi wa Pus, meno yakigongana. Majirani walidhani ameshika dini. Kazini alijifunza uzi kwa mkono wa kushoto, akaacha kuonja. Idris alipomuuliza mbona haonji tena, alisema ulimi umechoka. Idris naye hakuambiwa kitu, kwa kuwa mke wa Idris angelisikia asubuhi, na jioni mtaa mzima ungekuwa nalo. Basi wachemshaji wengine waliendelea kulamba vidole vyao.

Mtoto alizidi kucheza. Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaingia. Ghurahu alianza kulala usingizi wa kweli. Asubuhi alimtazama Batasiya akila ladu yake safi, akafikiri, pengine sitalazimika kusema kamwe. Pengine atazaliwa, atauzwa kwa kauri tano, atakua, na neno hili nitakufa nalo.

Uchungu ulikuja siku ya sikukuu ya Khichri, mji mzima ukiwa umekwenda kuoga Ganga. Ghurahu alirudi kutoka mtoni na nywele mbichi, akamkuta Jhunia ameshaingia chumbani na mlango umefungwa. Alikaa barazani. Sufuria ya mchele na dengu, chakula cha sikukuu, ilikuwa jikoni, imepoa, hakuna aliyeigusa. Kabla ya adhuhuri Jhunia alitoka, akinawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Mvulana," alisema. "Hakulia."

Ghurahu alisimama. Bi kizee alifungua fundo la pindo la sari yake. Kauri tano zilikuwa humo, alizibeba kila alipokuja tangu siku ile. Alizitazama kama hajui za nini, akaziweka juu ya ngazi, akaenda zake bila kudai ujira.

Batasiya alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, uso umegeukia ukutani, na kando yake kitu kidogo kimefungwa kwa kitambaa. Ghurahu alikaa chini sakafuni. 

"Sikia," alisema Batasiya. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeomba radhi. "Nilitia kidogo, eti?"

"Ulitia nini?"

"Dawa. Ladu zako zilikuwa hazina ule utamu wake. Nikajua vidole vyako vinaimwaga, au umesahau kwa ajili ya mkono. Kopo nalo silioni. Sikutaka kukuuliza, ukaona haya." Alipumzika. "Nikamwomba Idris. Anipe kidogo kidogo kwenye karatasi, asikwambie. Wiki tatu sasa, kila asubuhi, ukucha mmoja. Ningetia mbili. Wewe ulikuwa unatia mbili, siyo?"

Ghurahu aliinamisha kichwa mpaka kipaji cha uso kikagusa mbao za kitanda. Hapo, wakati ambapo halikuwa na faida kwa mtu yeyote duniani, lile neno lilitoka. Alimwambia yote: mstari wa buluu, sumu, ladu, nguo, saba. Batasiya alisikiliza bila kugeuka. Alipomaliza, nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania vishada vyao vilivyonasa juu ya paa.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku niliyokwenda hospitali."

Aliinua mkono wake, akahesabu kwa gumba juu ya pingili za vidole, kama wanawake wanavyohesabu sokoni, pingili kwa pingili, mkono mmoja, kisha wa pili, kisha akarudi mwanzo. Hakuharakisha.

"Arobaini na moja," alisema. "Siku arobaini na moja nimekupikia."

"Batasiya, mimi..."

"Wale saba tuliwaua sote wawili. Vumbi uliingia nalo, dawa ulitia, mimi nilikula, hakuna aliyejua. Wale siwahesabu kwako." Aligeuka akamtazama, na ulikuwa ule uso aliouogopa, hata mbaya kuliko alivyoufikiri, kwa sababu haukuwa na hasira. "Huyu alikuwa wangu. Alikuwa anacheza. Ulikuwa unanitazama nakula, ukalala usingizi."

Alimvuta karibu yule aliyefungwa kitambaani, akamfunika kwa mfarishi wake.

"Toka nje, Ghurahu," alisema.

Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulitamka jina hilo. Ghurahu aliinuka kwa kuegemea mkono wa kushoto, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kama alivyoambiwa. Kauri tano bado zilikuwa juu ya ngazi.